Mtembeza Maneno

Bryony Sugden alimkana mpenzi wake saa nne asubuhi, mbele ya kamera tatu, huku akitabasamu, na mpenzi mwenyewe ndiye aliyempandishia maneno ya kumkana.

Haikuwa njama. Ilikuwa kazi tu. Katika ile studio ya Leeds, kama katika studio nyingine yoyote, mtangazaji hakariri, anasoma. Mbele ya lensi huwekwa kioo, maneno hupanda juu yake mstari kwa mstari, na pembeni gizani hukaa mtu mwenye gurudumu dogo mkononi, anayeyapandisha kwa mwendo wa msomaji. Msomaji akienda mbio, naye huenda mbio. Akinyamaza, maneno husimama yakamsubiri. Mtu huyo siku hiyo alikuwa Dewi Prosser, Mwelshi kutoka Wales, wa miaka arobaini na moja, mrefu, mwenye sweta lililovutika viwiko, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimpikia Bryony chakula cha jioni bila mtu yeyote pale studio kujua.

Walikuwa wanarekodi jaribio la kipindi kipya cha asubuhi. Kochi la manjano, vikombe viwili, dirisha la uongo lenye jua la uongo.

"Habari za asubuhi," Bryony alisoma. "Mimi ni Bryony Sugden. Sina mume, sina mchumba, na nyumbani ananisubiri paka tu. Kwa hiyo asubuhi zangu zote ni zenu."

Hakukwama hata kidogo. Rory Calloway, mtangazaji mwenzake, aliyekuwa mcheza raga kabla magoti hayajamsaliti, akamgeukia pale kwenye kochi.

"Usijali, Bry. Tutakutafutia mtu kabla ya Krismasi."

"Awe anajua kupika," Bryony akasoma.

Watu wakacheka. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa. Gizani kule Dewi akapandisha mstari uliofuata, uliohusu mvua.

Anayetaka kumlaumu Bryony ajue kwanza alikotoka. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, huko kwao Halifax, kwenye majalada ya vijitabu vya kufuma sweta. Kuna mabibi Yorkshire nzima ambao mpaka leo wana uso wake ndani ya vikapu vyao vya nyuzi. Kutoka hapo akaingia kwenye katalogi za nguo. Makoti ya baridi aliyavaa Julai, jasho likimtiririka mgongoni, na nguo za kuogelea alizivaa Februari kwenye ufuko wa Filey, midomo imegeuka buluu na mpigapicha anamwambia afikirie Uhispania. Alipofika miaka ishirini na sita aliambiwa uso wake umeonekana vya kutosha, wakawa wanataka mikono yake tu, kwa ajili ya pete na sabuni. Akauza sufuria kwenye chaneli ya mauzo, akilitabasamia yai la kukaanga kutwa nzima. Akatangaza hali ya hewa, akisukuma mawingu kwa kiganja. Kisha kikaja kipindi cha Jumamosi cha watu wanaotafuta nyumba za kununua, na kipindi hicho kilimpa mapenzi ya watazamaji na kikampa Dewi.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao katika biashara ile mwanamke huanza kupewa matangazo ya bima. Kochi la asubuhi lilikuwa la nchi nzima, kila siku. Halikuja mara mbili kwa mtu, na kila mtu alilijua hilo, Bryony kwanza.

Wiki moja kabla ya jaribio, Philippa Marchbanks, mkuu wa kipindi, alimwita ofisini, akamkaribisha biskuti. "Hatukulazimishi kitu, mpenzi," alisema. "Ila watazamaji wanapenda kuona kochi likiwa na nafasi. Wewe na Rory. Wajiulize tu. Kwa hiyo kama kuna mtu, na sisemi kwamba yupo, pengine ingekuwa busara asionekane. Msimu wa kwanza tu." Katika nchi ile mtu akikwambia hakulazimishi, ujue umeshalazimishwa. Bryony alikula biskuti yake na kusema hakuna mtu.

Hakumwambia Dewi. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri za mambo kama hayo hazijawahi kuzaliwa.

Baada ya kurekodi alimkuta kwenye kijumba cha chai nyuma ya studio, amesimama mbele ya birika linalochemka.

"Chai?" Dewi aliuliza bila kugeuka.

"Dewi."

"Maziwa ni haba. Kuna mtu ameyaandikia jina lake."

"Nilitaka kukwambia."

"Umeshaniambia. Umeniambia mimi na kamera tatu."

Alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma Bryony kuliko kama angevunja kikombe.

"Ule mstari sikuuandika mimi."

"Najua. Nimeupokea jana mchana pamoja na maneno mengine. Niliusoma kabla yako."

"Jana mchana? Jana usiku tumekula pamoja, Dewi. Umekaa mbele yangu saa nzima, umenyamaza."

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Ukaomba chumvi."

Bryony alitazama mlango, akaurudisha vizuri. Mazoea hayo alikuwa nayo siku zote, ya kuangalia mlango kwanza.

"Ungeuruka basi ule mstari. Ungesema mashine imekosea. Nani angejua?"

"Hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni kukufuata. Ukisimama, nami nasimama. Nilishika lile gurudumu nikajiambia, akifika pale atasita. Hata nusu pumzi. Nikauleta polepole makusudi, nikupe nafasi." Alimwaga maji kwenye vikombe viwili. "Hukusita, Bryony. Umesita kwenye mvua."

"Huo ni utani wa televisheni tu. Kila mtu anajua ni utani."

"Na paka ni wangu."

"Nini?"

"Paka. Wewe huna paka. Yule ni wangu, nilimleta kutoka kwetu Llanelli kwenye boksi la viatu. Umenikana mimi, ukamchukua paka."

Bryony nusura acheke. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda tangu ule mwezi wa kwanza wa kipindi cha nyumba, alipogundua kwamba kabla hajavuta pumzi ya kusoma bei ya nyumba, maneno yalikuwa yameshapunguza mwendo. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwambia asogee, ageuke, ainue bega, afikirie Uhispania. Huyu alimwacha aende atakavyo, akamfuata.

"Ni msimu mmoja," alisema. "Miezi sita. Nikishakaa vizuri, nikishazoeleka, tutasema."

"Tutasema nini? Kwamba Rory amenipata kabla ya Krismasi?"

"Usinifanyie dhihaka."

"Sifanyi. Nauliza. Mwaka jana ulisema kipindi cha nyumba kikimaliza mkataba. Kabla ya hapo ulisema mama yako akipona goti. Goti la mama yako sasa hivi linapanda ngazi vizuri kuliko langu."

"Basi niambie nikatae. Sema: Bryony, kataa kazi. Nitakataa."

"Sisemi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utakataa kweli. Halafu kila asubuhi utanitazama kama mtu aliyekuibia."

"Sasa unataka nini, Dewi? Maana hutaki niende na hutaki nibaki."

Aliweka birika chini. "Nataka unitaje. Basi. Hata kwa mtu mmoja. Hata kwa mama yako."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mhasibu wa ghorofa ya pili, yule mwenye maziwa. Bryony akajiona anarudi nyuma hatua moja, akaisikia sauti yake ya televisheni ikimtoka yenyewe, laini, yenye jua.

"Kioo kilikuwa safi sana leo, Dewi. Asante sana."

"Karibu," Dewi alisema.

Mhasibu alichukua chupa yake ya maziwa, akaitazama dhidi ya taa kuona imepungua kiasi gani, akawatazama wote wawili kwa lawama, akatoka.

"Umeona?" Dewi alisema. "Hata kwa mwenye maziwa."

Hakuna aliyekuwa amemwandikia Bryony jibu la hilo.

"Kuna kazi kwetu, Cardiff," Dewi aliendelea, safari hii akitazama kikombe chake. "Wameniita. Nimewaambia nitawajibu Jumatatu."

"Jumatatu ndiyo natia saini."

"Najua, cariad."

Neno hilo la kikwao, lenye maana ya mpenzi, alikuwa akimwita nalo nyumbani tu, milango ikiwa imefungwa. Alichukua chai yake akaenda nayo. Ya Bryony aliiacha mezani, ina maziwa kidogo, kama alivyoipenda.

Ofisini kwa Philippa kulikuwa na furaha. Lorraine Sugden, mama yake Bryony, aliyetazama jaribio lote kutoka nyuma ya kamera, alikuwa ameshakaa, koti limefungwa mpaka kidevuni, mkoba juu ya magoti. Lorraine hakuwahi kukosa siku kubwa hata moja ya mwanawe. Kwa miaka kumi na minane alisafiri naye kwa treni na mabasi, akibeba viatu vya akiba, pini na chupa ya supu, na kazi yake ya dukani akiibadilisha zamu ili apate nafasi ya kwenda. Wapigapicha walimwogopa. Mmoja aliwahi kusema ni rahisi kufanya kazi na mbwa wa polisi.

"Ulikuwa mzuri ajabu," Philippa alisema. "Wa London wameshapiga simu. Wamekupenda. Wewe na Rory mnawaka, mpenzi, mnawaka kabisa."

"Ule mstari wa paka," Bryony alianza.

"Uliupenda? Niliuandika mwenyewe. Nilikuwa na wasiwasi nao."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Philippa alikuwa anangoja, kalamu mkononi, uso mkunjufu. Lorraine aliacha kuchezea mkoba. Bryony aliona wazi njia mbili zilivyoachana, na aliogopa. Aliogopa ufuko wa Filey, aliogopa matangazo ya bima, aliogopa kuwa mtu ambaye watu wanamkodolea macho sokoni wakijaribu kukumbuka walimwona wapi.

"Ni mzuri," alisema. "Unachekesha."

"Basi Jumatatu saa tatu," Philippa alisema. "Na ule msimu wa kwanza, kama tulivyozungumza. Hatukulazimishi."

"Anaelewa," Lorraine alisema.

Waliondoka kwa miguu kwenda stesheni, mwavuli mmoja watu wawili. Mvua ya Leeds hainyeshi kwa hasira, inanyesha kwa uvumilivu, na mama na mwana walikwenda mpaka kwenye taa za kuvukia barabara.

"Huyo Mwelshi," Lorraine alisema.

Bryony alisimama. Mtu wa nyuma yake nusura amgonge.

"Mwelshi gani?"

"Usinifanye mjinga, mwanangu. Nimekaa nyuma ya kamera tangu ukiwa na nyaya za meno. Nimekuona ukitazamwa na kila aina ya mwanaume, na najua mtu anayetazama kazi yake na mtu anayetazama wewe. Leo uliposoma ule mstari, kila mtu alicheka. Yeye aliinamisha kichwa."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwaka jana. Ulikuja kula kwangu na sweta lake."

"Na hukusema neno."

"Ningesema nini? Wewe mwenyewe hukusema." Taa ikageuka kijani, wakavuka. "Si kwamba ana ubaya. Ni kijana mzuri."

Lorraine alipomwita mwanaume kijana mzuri alikuwa amemaliza naye. Alimwita hivyo fundi bomba aliyemharibia choo.

"Sema unachotaka kusema, Mama."

"Kazi yake ni kuzungusha gurudumu. Ana mke aliyemwacha huko kwao."

"Walitalikiana miaka saba iliyopita."

"Ana miaka arobaini na kitu na anapanga chumba na jikoni Hebden Bridge. Wewe kuanzia Jumatatu nchi nzima inaamka na uso wako. Nikulinganishe na nini? Na sweta lake?"

"Ananipenda."

"Hata mimi nilipendwa." Lorraine hakupandisha sauti. Aliuhamisha mwavuli mkono wa pili ili mwanawe asilowe. "Nilikuwa malkia wa gwaride la Halifax, nina miaka kumi na tisa. Kulikuwa na bwana mmoja alitaka kunipeleka Manchester nikapigwe picha. Baba yako akasema, usiende, Lorraine, mimi nitaishije? Nikabaki. Nilipata nini? Nilikupata wewe. Yeye akapata mwanamke wa Doncaster. Nasema hivi, mapenzi yanajua kusubiri, uso haujui. Miezi sita ni nini kwa mtu anayekupenda?"

"Dewi hajaniambia nisiende."

"Hajakwambia?"

"Nilimwomba aniambie nikatae. Amekataa kuniambia."

Lorraine alitembea hatua kadhaa akilitafuna hilo. Halikuwemo kwenye hesabu zake.

"Basi anataka nini?" aliuliza.

"Anataka nimtaje."

"Kwa nani?"

"Kwako, kwa kuanzia."

"Mimi nimeshamjua."

"Lakini sikukutajia mimi, Mama. Umemkisia."

Treni ya kwenda Halifax ndiyo hiyo hiyo inayoendelea Hebden Bridge. Kwa miaka miwili Bryony na Dewi walikuwa wakiipanda wote jioni, mmoja behewa la mbele, mwingine la nyuma, wakiandikiana ujumbe wa simu kuhusu chakula. Kwa hiyo Bryony hakushangaa kumwona amesimama mwisho kabisa wa jukwaa, kola juu, mgongo umewaelekea.

"Usiende kule," Lorraine alinong'ona. "Watu wanakuona."

Ndipo kipaza sauti kikatangaza, kwa masikitiko ambayo wasafiri wa kule wameyazoea, kwamba treni leo itakuwa na mabehewa mawili tu badala ya manne, na abiria wote wasogee mbele. Jukwaa zima likaguna kwa adabu na kuanza kusogea. Dewi naye akasogea, maana hakuwa na namna, mpaka akajikuta amesimama hatua chache tu kutoka kwao. Alimwinamishia Lorraine kichwa. Lorraine naye akainamisha chake, kidogo.

"Ni wewe," sauti ikasema. "Nilijua ni wewe."

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye mfuko wa ununuzi na kofia ya mvua ya plastiki. "Wa nyumba. Jumamosi. Mume wangu na mimi hatukosi hata moja. Mpenzi, naomba picha moja tu. Wenzangu hawataamini. Tuna kundi letu mtandaoni la wapenzi wa kipindi chako, tuko elfu kadhaa, kuna mpaka watu wa New Zealand."

"Bila shaka," Bryony alisema, na tabasamu likawa limeshafika.

Mwanamke akatazama huku na huku, akamwona Dewi. Siku zote watu humwona Dewi. Ana sura ya mtu asiyekataa.

"Kaka, samahani, utatupigia?"

Dewi alinyoosha mkono akapokea ile simu. Alikuwa ameshapiga picha kama hizo mara nyingi sana, sokoni, hospitalini, mara moja kwenye harusi ya binamu yake mwenyewe huko Wales, alikokwenda na Bryony kama mfanyakazi mwenzake tu. Alijua asimame wapi na aseme nini. Alirudi nyuma, akainua simu, na Bryony akamwona anachungulia kwenye kile kioo kidogo ili amweke Bryony katikati, naye mwenyewe abaki nje.

Hakuna aliyekuwa ameandika mstari wowote.

"Hapana," Bryony alisema.

Mwanamke wa kofia akashtuka. "Samahani, mpenzi, kama una haraka..."

"Hapana, si wewe. Dewi, lete hiyo simu. Njoo huku."

Dewi alishusha simu. Hakusogea. Alimtazama tu, na Bryony akaujua mtazamo ule. Alikuwa amesimama kwa sababu Bryony amesimama. Asingemsaidia hata kwa neno moja, na alikuwa na haki.

"Bryony," Lorraine alisema kwa kunong'ona. "Jumatatu."

"Najua Jumatatu ni nini, Mama." Sauti yake ilitoka vibaya, nyembamba, ikipanda mahali isipotakiwa. Hakuijua sauti hiyo. "Huyu bwana hatupigii picha. Anapigwa. Huyu ni... Anaitwa Dewi Prosser. Ni mtu wangu. Tuko pamoja miaka miwili na hakuna anayejua kwa sababu mimi nimekuwa mwoga."

Watu waliokuwa karibu walianza kusoma simu zao kwa bidii kubwa, kama wafanyavyo watu wa huko wakitaka kusikia vizuri.

"Jamani," mwanamke wa kofia alisema kwa furaha tele. "Mume wangu aliapa huna mtu. Alisema ungekuwa na mtu ingejulikana." Kisha akaona uso wa Bryony, akawa mwungwana. "Kama hutaki, siiweki kwenye kundi. Naiweka kwangu tu, nakuahidi."

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, na ulikuwa mpana. Bryony alimwona Philippa na biskuti zake. Aliliona kochi la manjano, lina nafasi. Aliliona vizuri kabisa, nalo lilimuuma kama kitu chake.

"Iweke," alisema.

"Kweli?"

"Iweke leo. Na jina lake uliandike."

Dewi alikuja polepole, kama mtu anayepita kwenye barafu.

"Sikukuomba hilo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilisema mama yako. Sikusema New Zealand."

"Najua."

"Watakunyang'anya kazi."

"Pengine. Naogopa. Usiniache hapa nimesimama peke yangu, Dewi. Sema kitu."

"Sina la kusema. Nimekusikiliza wewe." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujaribu kusingizia mvua. "Mimi Cardiff nitawaambia hapana. Hilo ni langu, usinibishie."

Akageuka, akamkabidhi simu mtu pekee aliyebaki bila kazi. Lorraine Sugden aliipokea bila kutaka, akabaki ameishika kwa mikono miwili. Miaka kumi na minane ya treni na supu ilikuwa imesimama pale ndani ya koti lile. Uso wake ulikuwa mweupe. Bryony alimngoja aseme kijana mzuri. Kwa mbali taa za treni zilionekana zinakuja, ndogo, mbili tu.

"Mama," Bryony alisema. "Tafadhali."

Lorraine aliinua simu. Alichungulia kwa muda mrefu, mrefu kiasi kwamba yule mwanamke wa kofia alianza kuona aibu na kurekebisha mfuko wake.

"Wewe Mwelshi," Lorraine alisema hatimaye. "Inua kidevu, una kivuli. Na wewe mama, vua hiyo kofia ya plastiki, inameta. Bryony, bega la kushoto."

Wakafanya.

"Dewi." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo, na lilimtoka kwa shida. "Umesimama kama mtu anayengoja basi. Sogea. Sogea zaidi. Mshike, basi, mshike vizuri. Mimi mikono yangu imejaa."